Magari yanapopashana habari: ujumbe upite njia ipi?

Lori likiharibika kwenye kona, dereva hukata matawi na kuyaweka barabarani ili wenzake wapunguze mwendo. Usiku au kwenye ukungu, matawi huonekana kwa kuchelewa. Je, lori lenyewe lingeweza kuyaonya magari yanayokuja, hata pasipo na mtandao wa simu?

Teknolojia hiyo ipo. Volkswagen Golf iliyozinduliwa Ulaya mwaka 2019 hupashana habari kwa mawimbi ya redio na magari yenye kifaa kama chake, hadi umbali wa mita 800, bila kupitia mnara wa simu. Gari likiwa mbali zaidi ya hapo, ujumbe hauna budi kupokezanwa gari kwa gari. Kanuni za kupokezana huitwa itifaki, na hazifanani.

Itifaki ya OLSR hutaka kila gari liwe na orodha ya njia zote muda wote. Njia iko tayari, lakini magari hulazimika kuulizana hali kila mara, hata kama hakuna habari ya kupeleka.

AODV husubiri haja itokee. Gari lenye ujumbe huuliza majirani, nao huuliza majirani zao, mpaka njia ipatikane. Mawasiliano hupungua, ila muda hupotea.

Adui wa zote mbili ni mwendo. Magari mawili yanayopishana, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa, yakiwa na redio zinazofika mita 300, yanasikiana kwa sekunde 13 au 14 tu. Njia iliyopatikana sasa hivi huenda ikakatika kabla ujumbe haujafika.

GPSR, iliyotolewa mwaka 2000 na Brad Karp na H.T. Kung, haishiki njia nzima. Kila gari hujua majirani zake wako wapi, kisha humkabidhi ujumbe yule aliye karibu zaidi na mwisho wa safari. Ni kama kumwelekeza mgeni: "Nenda mpaka dukani, ukifika uliza tena." Viwango vya Ulaya navyo vimechagua kutumia mahali gari lilipo.

Lakini kwenye barabara ya vijijini, jirani wa mbele anaweza asiwepo kabisa. Hapo kuna mbinu nyingine: gari hubeba ujumbe mpaka likutane na jingine, kama kondakta anavyobeba barua ya abiria. Tahadhari ya daraja lililokatika inaweza kungoja dakika kadhaa. Ya breki za ghafla haiwezi. Hiyo hutangazwa moja kwa moja kwa wote walio karibu.

Kwa hiyo, msikilizaji, hakuna itifaki moja inayofaa kila barabara. Penye magari mengi yaendayo kasi, kufuata mahali husaidia. Penye machache, lazima ujumbe ubebwe. Na popote pale, gari lenye kifaa peke yake halina wa kuzungumza naye.