Ukuta wa Shule Uliozaa Ushirika

Wahenga walinena, mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hunikumbusha Papunya, kijiji cha Waaborijini katika jangwa la Australia ya kati. Mwaka wa 1971, mwalimu Geoffrey Bardon aliwahimiza wazee wachore ukutani mwa shule kisa chao cha kale cha sisimizi wa asali. Mwaka wa 1972 wachoraji wakaunda Papunya Tula, ushirika wanaoumiliki wenyewe. Mchoro ule ulifutwa, ushirika ungalipo. Wenzao walipolalamika kwamba siri za jadi zinaanikwa, wachoraji walianza kuzisitiri kwa vitone. Hapo ndipo nionapo funzo, walimu wenzangu: mwenye mila ndiye aamuaye la kuonyesha na la kuficha. Kazi yetu ni kutoa ukuta, kisha kusikiliza.