Siku Moja Juu ya Maji ya Naivasha

Ni lini, msomaji, ulipoabiri chombo cha majini mara ya mwisho? Kama wewe ni mkazi wa Nakuru, huenda hujawahi. Ziwa lililo mlangoni pako ni la magadi, na wengi wetu tumezoea kulitazama tukiwa garini, tukikodolea macho heroe. Lakini umbali wa kilomita 70 hivi, katika kaunti hiyo hiyo, kuna Naivasha, ziwa la maji baridi ambapo familia yaweza kushinda majini bila kufunga safari ya Mombasa.

Amka mapema. Nasema hivyo kwa kuwa sisi hatukuamka. Jina Naivasha latokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, maana yake maji yanayochafuka, na Wamaasai hawakulitoa bure. Asubuhi ziwa hutulia kama mafuta ndani ya karai. Alasiri upepo huvuma, na mawimbi huinuka.

Ukifika mjini Naivasha, panda matatu ya barabara ya Moi South Lake na ushuke Karagita. Patana bei kabla ya kuingia botini, na uulize iwapo ni ya boti nzima au ya kila kichwa. Kisha dai jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, na la mtoto liwe la mtoto. Nahodha wetu alimvika mwanangu wa miaka sita jaketi la mtu mzima.

"Litamtosha tu, mama," akaniambia.

Nilimnyanyua mtoto kwa mabega ya jaketi hilo, naye akachomoka kwa chini kama muhogo uliomenywa. Tulingoja nusu saa hadi dogo lilipopatikana. Baba yake alinuna. Sikujali.

Cha kwanza utakachokiona ni migunga iliyokufa, imesimama ndani ya maji, minandi wamejipanga matawini. Ziwa lilifurika sana mwaka wa 2020, likameza ufuo na kufukuza familia nyingi kutoka mtaa wa Kihoto. Hapo boti inapopita palikuwa nchi kavu.

Viboko mtawahesabu kwa masikio. Nahodha mwema hukaa mbali nao. Akijaribu kukufurahisha kwa kuwasogelea, mkataze. Mwezi wa Agosti 2018 kiboko alimuua mtalii kutoka Taiwan papa hapa Naivasha, naye alikuwa ufuoni, wala si majini.

Kilichomfurahisha zaidi mwanangu ni furukombe. Nahodha alimtia samaki kipande cha funjo ili aelee, akapiga mluzi, akamrusha. Ndege alishuka kutoka juu ya mti, akamnyakua bila kulowa kifua. Ni mchezo wa watalii, najua, lakini nilipiga makofi kama wengine.

Kisha teremkeni Crescent Island, ukingo wa volkano ya kale wenye umbo la mwezi mwandamo. Kiingilio ni chake peke yake, kwa hivyo tengeni pesa. Hakuna simba, hivyo mtatembea kwa miguu kati ya twiga na punda milia. Mkichoka, keti muwasimulie watoto kwamba tangu 1937 hadi 1950 ndege za abiria kutoka Uingereza zilikuwa zikitua juu ya maji haya haya, kisha wasafiri wakapelekwa Nairobi kwa barabara. Wangu hakuamini hadi leo.

Sisi tulikawia kisiwani. Saa tisa upepo ulianza, na katikati ya ziwa maji yakawa yanaruka juu ya ubavu wa boti na kutulowesha mapajani. Nahodha alipunguza mwendo, akaelekeza omo kwenye mawimbi, wala hakusema neno. Baba mtu alinyoosha mkono kimya kimya, akakaza kamba za lile jaketi dogo, akazikaza tena.

Tulipofika Karagita, mtoto alikataa kulivua. Alikula samaki wake wa kukaanga akiwa amelivaa, nahodha amesimama kando akilingoja.