Bidhaa Yako Inashuhudiwa na Nani?

Siku hizi mama mwenye mtoto wa miezi saba akitaka kujua unga gani wa uji unafaa, hamwulizi jirani peke yake. Anaiuliza simu. ChatGPT ilitolewa kwa watu wote mwezi Novemba 2022, na mwaka 2024 Google ilianza kuweka jibu lililotungwa na akili mnemba juu kabisa ya orodha ya tovuti. Tangu hapo wengi hawajisumbui tena kufungua tovuti moja moja na kulinganisha. Husoma jibu lenye majina mawili matatu ya bidhaa, kisha huenda dukani.

Ndugu msomaji, kama wewe au kikundi chenu mnasaga unga wa lishe, mnachemsha sabuni au mnakamua mafuta ya nazi kwa ajili ya kuuza, jambo hili linawahusu. Akina mama wametuuliza mara nyingi: "Tuna ukurasa wetu kwenye intaneti, picha nzuri, na maneno matamu tumeyaandika. Mbona mashine ikiulizwa haitutaji?"

Jibu ni kwamba mashine haijaonja uji wenu. Inachofanya ni kusoma yale yaliyoandikwa na watu, kuchagua kurasa chache zinazoelekea kujibu swali, na kuyaunganisha maneno yake kuwa jibu moja. Ikikuta jina lenu katika ukurasa wenu tu, mahali mnapojisifu wenyewe, ina sababu ndogo ya kulitaja. Ikilikuta pia katika gazeti, katika orodha ya washiriki wa maonyesho na katika maoni ya wateja, na wote wanasema jambo linalofanana, ina mahali pa kushika. Torati nayo ilitaka neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu, na hakuna aliyehesabiwa kuwa shahidi wa nafsi yake.

SARE NYEUPE

Sisi tulio wauguzi tunalo kumbukumbu moja chungu katika historia ya kazi yetu. Katika miaka ya 1960 na 1970 makampuni ya maziwa ya kopo yaliajiri wanawake, yakawavisha sare nyeupe kama za wauguzi, nao wakazungukia wodi za wazazi na nyumba za watu katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Mama aliyetoka kujifungua aliona sare, akaamini. Kumbe aliyekuwa akimshauri alikuwa mwuzaji. Titi likakauka, maziwa ya kopo yakazimuliwa mno kwa sababu ya bei, tena kwa maji yasiyo safi, na watoto wakaharisha, wakakonda, wengine wakafa. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya kimataifa kuhusu uuzaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama, na kanuni hiyo inataka watu wa mauzo wasiwatafute wajawazito wala akina mama.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu ushuhuda wa kununuliwa ni sare nyeupe ile ile. Mwuzaji akiandika kwamba unga wake unafaa "kuanzia miezi 3", kisha akawalipa watu kumi wayarudie maneno hayo kana kwamba wamejionea, mashine inaweza kuyachukua na kumpa mama anayeuliza usiku wa manane, mtoto akilia. Mtoto wa miezi 3 hahitaji uji. Anahitaji maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6.

Wala msidhani mashine ina akili ya kutambua kila upuuzi. Mwezi Mei 2024 jibu la Google lilimshauri mtu achanganye gundi katika mchuzi wa pizza ili jibini isidondoke. Chanzo chake kilikuwa mzaha ulioandikwa na mtu asiyejulikana miaka 11 nyuma. Kwa Kiswahili tahadhari inahitajika zaidi, maana maandishi yetu kwenye intaneti bado ni machache. Habari moja ya kweli ina uzito mkubwa, na uongo mmoja vivyo hivyo.

MASHAHIDI WA KWELI

Anzeni na jina. Vikundi vingi vina jina moja kwenye lebo, jingine kwenye cheti cha BRELA, na la tatu kwenye ukurasa wa simu. Hata mtu huchanganyikiwa, sembuse mashine! Chagueni namna moja ya kuliandika, mwiandike hivyo hivyo kila mahali, pamoja na mji mnaotoka.

Kisha kuna shahidi ambaye kwa vyakula vya watoto hatuoni namna ya kumkwepa, naye ni maabara. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na vipodozi nchini Tanzania uko chini ya TBS; Kenya kuna KEBS. Mahindi na karanga, ambavyo ndivyo viungo vya unga mwingi wa lishe, hushikwa na sumukuvu vikikaushwa vibaya au kuhifadhiwa penye unyevunyevu. Sumu hii haionekani kwa macho, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo matokeo ya kipimo, yakiwa na tarehe na jina la aliyepima, yanasema zaidi ya neno "bora" likiandikwa mara ishirini. Hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na wenzao walioyachunguza mambo haya mwaka 2023, walikuta kwamba maandishi yenye takwimu na yanayotaja vyanzo hutajwa zaidi na mashine hizi, na kwamba kurudiarudia maneno ya kutafutwa hakusaidii kitu.

Mkienda Sabasaba au Nane Nane, hakikisheni jina limeandikwa sawasawa kwenye orodha ya washiriki. Mwandishi wa gazeti au redio yenye tovuti akija, mwonyesheni mnavyochambua karanga, mwacheni aulize atakacho. Msiombe kusoma habari kabla haijatoka. Ofisa lishe wa wilaya naye ana macho yake.

Na wateja? Waombeni waandike walichokiona, hata kama ni lalamiko. Mama akiandika kwamba pakiti ilifika imepasuka, mjibuni kwa upole pale pale hadharani na mseme mmefanya nini. Sisi tukisoma maoni hamsini yote ya kusifu, tunaanza kutilia shaka.

Wapo wanaouza sifa, na ni rahisi kushawishika. Mwaka 2017 mwandishi wa London, Oobah Butler, aliandikisha kibanda cha bustani yake kuwa mkahawa katika TripAdvisor, akawaomba rafiki zake waandike sifa. Mwezi Novemba kibanda kile kikawa mkahawa wa kwanza London nzima, kabla ya kupika chakula kwa mgeni hata mmoja! Alifanya hivyo kuonyesha udhaifu ulipo, naye akaeleza yote mwenyewe. Marekani, tangu Oktoba 2024, kanuni ya serikali inakataza kununua na kuuza maoni ya uongo, yakiwemo yaliyotungwa na akili mnemba.

Kila mwezi, katika kikao cha kikundi, mtu mmoja aiulize simu swali ambalo mteja angeuliza, bila kutaja jina lenu: "Unga gani wa lishe unapatikana Morogoro?" Andikeni kwenye daftari majina yaliyotajwa na kurasa zilizotajwa kuwa chanzo, maana hapo ndipo mtajua nani anasikilizwa. Mkikuta ukurasa unasema unga wenu ni wa miezi 3, mwandikieni mwenye ukurasa siku hiyo hiyo na kumwomba asahihishe. Kisha tazameni lebo yenu wenyewe, isije ikawa kosa lilianzia hapo.