Nyonga Iliyokaza na Kiuno cha Mchezaji Gofu

Mchezaji gofu anayeumwa kiuno hutarajia mtaalamu amkande pale panapouma. Badala yake anaambiwa alale kifudifudi, akunje magoti hadi nyayo zitazame dari, kisha aachie miguu iangukie nje, kila mmoja upande wake. Kinachopimwa ni nyonga: mfupa wa paja unaweza kuzunguka kuelekea ndani kwa kiasi gani. Upande mmoja ukigoma njiani, huenda chanzo cha maumivu kimeanza kuonekana.

Pingili 5 za kiuno zimeumbwa zaidi kwa kuinama na kunyooka. Kila moja huzunguka nyuzi chache tu. Kazi kubwa ya kuzunguka ni ya nyonga na ya mgongo wa juu, ule ulioungana na mbavu. Anayepiga kwa mkono wa kulia humalizia mpigo kiwiliwili kikiwa kimegeukia mguu wa kushoto, ambao kwake ndio mguu wa mbele. Nyonga ya kushoto ikiwa imekaza, mwendo hausimami, maana fimbo imeshashika kasi. Mzigo unahamia kiunoni, mpigo baada ya mpigo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, uliowapima wachezaji 42 wa kulipwa, ulikuta kwamba waliowahi kuumwa kiuno walikuwa na upungufu wa mzunguko katika nyonga hiyo hiyo ya mbele. Haukuthibitisha kipi kilitangulia, nyonga au maumivu, lakini unatosha kumfanya mtaalamu asiishie kuangalia kiuno peke yake.

Mwaka 2003, tabibu wa uti wa mgongo Greg Rose na kocha Dave Phillips walianzisha Titleist Performance Institute huko Oceanside, California, na vipimo vyao vya mwendo vimeenea sana. Ninachokithamini zaidi ni cha kuchuchumaa. Mchezaji hushika fimbo juu ya kichwa, mikono imenyooka, akachuchumaa bila kuinua visigino. Akishindwa, hukunja mikono kifuani na kujaribu tena. Akifaulu sasa, kizuizi kiko mabegani au mgongo wa juu. Akishindwa tena, hulala chali na kuvuta magoti kifuani. Yakifika bila taabu, nyonga zina nafasi. Basi tatizo litafutwe kwenye vifundo vya miguu, au kwenye misuli isiyoweza kuuongoza mwili unapobeba uzito wake. Tofauti hiyo ni muhimu mno. Kumnyoosha mtu ambaye hajakaza ni kumpotezea muda.

Makocha nao wanahitaji majibu haya. Si haki kumfokea mtu ageuze kiuno zaidi wakati nyonga haina pa kwenda. Pengine kuelekeza vidole vya mguu wa mbele nje kidogo kungempa nafasi siku hiyo hiyo, huku mazoezi yakiendelea.

Vipimo hivi havitambui ugonjwa wala havitabiri nani ataumia. Ganzi inayoshuka mguuni au mguu unaopoteza nguvu ni suala la daktari. Kushindwa ghafla kuzuia mkojo ni dharura: mtu huyo apelekwe hospitali mara moja.