Mizani ya Injini

Baada ya sala ya Alasiri, hapa Kinna, Isiolo, kijana mmoja alinionyesha gari alilolifunga tabo kubwa, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini. Kesho yake alikusudia kumpeleka mamake hospitali. Nikamuuliza, "Mwanangu, kompyuta yake imerekebishwa?" Akanyamaza.

Ndugu msomaji, gramu moja ya petroli huungua sawasawa kwa gramu 14.7 za hewa. Kompyuta ya gari hupokea vipimo vya hewa na joto, ikaamua petroli kiasi gani na cheche lini. Hewa ikizidi, sharti fundi aziandike upya hesabu zake: petroli iongezwe, cheche icheleweshwe. La sivyo, pistoni zaweza kuyeyuka njiani.

Alfajiri mama aliondoka kwa gari la jirani. La mwanawe lilibaki likimngoja fundi.