Jina Nyuma ya Mchoro

Mwaka 1956, wanaakiolojia mjini Novgorod, Urusi, walifukua vipande vya magome ya mti wa betula vilivyochorwa na mtoto wa karne ya 13. Katika kimoja, mpanda farasi anamchoma adui mkuki. Katika kingine kuna mnyama wa ajabu, na mchoraji ameandika kwamba mnyama huyo ni yeye mwenyewe. Anakadiriwa kuwa na umri wa miaka sita au saba. Aliitwa Onfim, na jina hilo linajulikana leo kwa sababu aliliandika kando ya yule mpanda farasi.

Magome hayo yalinusurika kwa kuwa yalizikwa kwenye tope lililojaa maji, lisilopitisha hewa. Karatasi za chekechea hazina kinga hiyo.

Karatasi ya bei nafuu ina lignini, kemikali ya mti inayoifanya igeuke njano na kukatika, kama gazeti lililoachwa juani. Rangi za kalamu za wino huwahi zaidi kufifia kwenye mwanga, kwa hiyo ukuta unaotazamana na dirisha ndio mbaya kuliko yote. Selotepu nayo huacha doa la kahawia lisilotoka. Kwa kutundika michoro, kamba iliyofungwa sebuleni, mbali na jua, na vibanio vya nguo vinatosha kabisa. Michoro ibadilishwe kila baada ya wiki chache. Wazazi wengi hukimbilia laminesheni, lakini ile plastiki ikishagandishwa kwa moto haibanduki bila kuharibu karatasi.

Je, itunzwe yote? Hapana. Rhoda Kellogg, mwalimu wa Marekani aliyekusanya takriban michoro milioni moja ya watoto, alibainisha aina 20 za mikwaruzo ya msingi na kuonyesha jinsi maumbo yanavyozaliwa humo. Basi ichaguliwe michoro ya hatua: mkwaruzo wa mwanzo, duara la kwanza lililofunga, na yule mtu wa kwanza, kichwa kitupu kilichoota miguu. Huyu hutokea mtoto akiwa na miaka mitatu au minne, kisha hupotea na harudi tena. Mingine ipigwe picha kwa simu kivulini barazani.

Iliyochaguliwa ilazwe bila kukunjwa, karatasi safi ikitenganisha mchoro na mchoro, hasa wa krayoni, kwa kuwa krayoni ni nta na joto huilainisha hadi ikashikana na ya jirani. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni. Dar es Salaam au Mombasa, unyevu huleta ukungu, na mende hawachelewi.

Kabla ya yote hayo, mtoto aulizwe amechora nini. Jibu lake liandikwe nyuma kwa penseli, neno kwa neno, pamoja na jina na tarehe. Hilo lifanyike siku hiyohiyo, maana kufikia wiki ijayo atakuwa ameshasahau.