Seva ya Python kwa Mtandao wa Haydom: Usiichague kwa Kasi ya Laptopu Yako

Ripoti nyingi za mradi wa mwaka wa mwisho zina sentensi moja inayofanana kama mapacha: mfumo umetengenezwa kwa Python, ukatumia Flask. Nukta. Haisemwi kwa nini Flask, haisemwi ni seva gani itakayobeba mfumo siku ukitoka kwenye laptopu ya mwenye mradi. Msimamizi akiuliza, jibu linakuwa "ni nyepesi" au "ina nyota nyingi GitHub". Maksi zinapatikana, joho linavaliwa, na mfumo unabaki kwenye flashi.

Nataka tuongelee hiyo sehemu inayorukwa: unapimaje laibrari huria ya seva kabla hujaiweka kwenye mradi wa watu? (Laibrari hapa ni ya programu, siyo ile tunayokwenda kulala mchana.) Na ili tusiongee hewani, tuweke mradi mahali penye sura: wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa njia ya mto Jorodom hadi Gendabi na mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Tangu hapo, mwanafunzi yeyote wa kompyuta anayetoka upande ule akifikiria mradi, wazo la kwanza ni mvua. Basi tuchukue mradi wa mfano: watu 60 wa kujitolea, kila mmoja na kipimo cha mvua shuleni au nyumbani, kuanzia Bassotu hadi Dongobesh na Haydom. Saa 3 asubuhi, muda wa kawaida wa kusoma kipimo, kila mmoja anafungua ukurasa kwenye simu, anaandika milimita, anapiga picha ya kipimo, anatuma. Kompyuta iko kwenye ofisi moja ya wilaya. Ni ya mezani, ina Windows, na mwenye ofisi anaitumia pia kuandika barua.

Niseme mapema: mradi wa namna hii ni wa kukusanya kumbukumbu, siyo wa kutangaza hatari. Tahadhari ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na kamati za maafa. Mwanafunzi akianza kuwatumia wanakijiji ujumbe wa "hameni", ameshatoka kwenye mradi na kuingia kwenye kesi.

Sasa, kitu cha kwanza ambacho wengi wetu tunachanganya. Flask, Django na Bottle si seva kwa maana kamili. Ni viunzi vya kuandikia programu: ukiombwa ukurasa huu, fanya hivi. Anayesimama mlangoni kupokea maombi kutoka kwenye mtandao ni mwingine: Gunicorn, Waitress, Cheroot, uWSGI, Uvicorn. Kati ya mlango na jikoni kuna makubaliano yanayoitwa WSGI, yaliyoandikwa mwaka 2003 na kurekebishwa mwaka 2010 kwa ajili ya Python 3. Kwa sababu ya makubaliano hayo, unaweza kubadilisha mlinzi wa mlangoni bila kugusa jikoni. Uvicorn anafuata makubaliano mapya zaidi, ASGI.

Flask huja na kiseva chake kidogo cha kujaribia, ndiyo maana ukiandika "flask run" kitu kinawaka. Lakini soma maandishi yanayotokea kwenye skrini: kinakuonya chenyewe usikitumie kwenye kazi halisi. Moduli ya http.server inayokuja na Python nayo ina onyo la aina hiyo kwenye nyaraka zake. Onyo liko pale kila siku, na kila siku tunalipita kama bango la "usikanyage majani".

Haya, tuanze kupima. Tabia ya chuo ni kutafuta jedwali la kasi: nani anajibu maombi mangapi kwa sekunde. Vipimo vile hufanywa ndani ya mashine moja, au kwenye mtandao wa maabara, mteja na seva wakiwa wamegusana mabega. Mradi wetu unahitaji maombi 60 kwa siku. Sitini! Hata seva mbovu kuliko zote inayaweza kwa wingi. Shida yetu ni kwamba ombi moja linachukua muda mrefu kufika. Ukishaacha mji, ile alama ya 4G juu ya simu inaweza kugeuka E, na picha ikaanza kutambaa.

Fanya hesabu. Picha iliyopunguzwa hadi kilobaiti 300, kwenye mtandao wa kilobiti 128 kwa sekunde, inachukua karibu sekunde 19 kupanda. Gunicorn kwa mpangilio wake wa kawaida ana vibarua, na kila kibarua anamhudumia mteja mmoja tu mpaka amalize. Nyaraka zake zinapendekeza vibarua mara mbili ya viini vya prosesa, ongeza mmoja. Mashine ya viini 2 inapata vibarua 5. Watu 60 wakituma saa 3 kamili, vibarua wote 5 wamekaa wanasubiri picha zitambae. Kwa kukadiria, wa mwisho anamalizika baada ya karibu dakika 4. Usipogusa mpangilio kabisa, kibarua ni mmoja, na hesabu hiyo hiyo inakupeleka dakika 19. Kumbuka prosesa wakati wote huo haifanyi chochote. Imekaa tu.

Halafu kuna kizingiti kingine. Kibarua wa Gunicorn wa aina hiyo akikaa kimya sekunde 30, bosi wake anamuua na kuweka mwingine. Mtu wa Haydom akituma picha isiyopunguzwa, megabaiti 2, kwenye mtandao wa kilobiti 256, anahitaji zaidi kidogo ya dakika 1. Anakatwa katikati. Anajaribu tena, anakatwa tena. Bando limeliwa, picha haijafika, na mwisho wa wiki anaacha kutuma. Kwenye data yako itaonekana kama Haydom hakukunyesha.

Hilo la mwisho ndilo linanifanya niandike makala nzima. Seva iliyochaguliwa vibaya haitaanguka kwa kishindo ukaiona. Itawachuja watu wenye mtandao mbovu, na ramani yako itaonyesha mvua mahali penye minara.

Wala Gunicorn hajaficha kitu. Nyaraka zake zinasema wazi awekwe nyuma ya proksi kama Nginx, inayopokea ombi zima kwanza ndipo ikalipitisha kwake. Ukimweka hivyo ni mtu safi kabisa. Tatizo ni sisi tunaosoma mistari 5 ya kwanza, tunakopi komandi, tunasonga.

Waitress kazi hiyo anaifanya mwenyewe. Ana uzi mmoja unaopokea miunganisho yote na kukusanya kila ombi polepole, likiwa kubwa analiweka kwenye faili la muda. Ombi likishatimia ndipo linapewa mmoja wa nyuzi za kazi, ambazo kwa kawaida ni 4. Watu 60 wanaotambaa hawazibi nyuzi hizo 4. Ameandikwa kwa Python tupu, hategemei kifurushi kingine, na kinachopakuliwa hakifiki kilobaiti 100. Anakwenda Linux na Windows pia. Gunicorn ni wa mifumo ya ukoo wa Unix tu; ukimwasha kwenye Windows moja kwa moja analalamikia moduli ya fcntl, na hapo mjadala wa ile kompyuta ya ofisini unaisha. Unaweza kuweka Linux ndani ya Windows, ndiyo, ila umeongeza kitu kingine ambacho mwenye ofisi hajui kukitengeneza.

Waitress ana mapungufu yake. Hajui HTTPS, kama ukurasa wako una nywila na unapita intaneti ya wazi, bado utahitaji proksi mbele yake. Na kikomo chake cha ukubwa wa ombi kwa kawaida ni gigabaiti 1, kikubwa mno kwa picha za vipimo vya mvua. Kishushe hadi megabaiti 5, mtu asije akajaza diski ya ofisi kwa video ya harusi.

Hao wengine kwa kifupi. uWSGI ana uwezo mwingi, lakini watengenezaji wake wametangaza kwamba yuko kwenye hali ya matengenezo tu, kwa hiyo mradi mpya sioni sababu. Uvicorn anavumilia wateja wa polepole vizuri, na ukiandika kwa FastAPI ni chaguo la heshima. Ila programu isiyosubiriana ina mitego yake, na ukiita kazi nzito mahali pasipostahili unasimamisha kila mtu. Cheroot alizaliwa ndani ya CherryPy, mradi wa tangu 2002, na ana ushahidi ninaoupenda kuliko jedwali lolote: Kolibri, jukwaa la kujisomea la Learning Equality lililotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, limejengwa kwa Django na kuhudumiwa na Cheroot. Ukitaka kujua seva inafaa kompyuta dhaifu vijijini, tafuta nani ameshaipeleka huko.

Swali linalofuata ni nani anaitunza. Hanang inalijua swali hili kuliko wilaya nyingi. Kuanzia mwaka 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa huko kwa msaada wa Kanada, yakafika 7, kwa matrekta na mashine za kuvunia kutoka nje, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakilisha mifugo. Ngano ilitoka, hilo halina ubishi. Msaada ulipoisha miaka ya 1990, mashamba yaliporomoka, kwa sababu vipuri, mafuta na utaalamu vyote vilikuwa vimeegemea mahali pengine. Ndugu zetu wa kilimo wanaisoma habari hii darasani. Wa kompyuta tunaweka vifurushi 40 kwenye mradi bila kujua hata kimoja kinatengenezwa na nani.

Kwa hiyo fungua hifadhi ya msimbo, acha kuangalia nyota. Angalia tarehe ya toleo la mwisho. Angalia majina kwenye mabadiliko ya mwaka mmoja uliopita: ni watu wangapi, au ni mtu mmoja anayefanya usiku akitoka kazini? Mwezi Machi 2024 iligundulika kwamba xz, kifaa cha kubana data kilichomo kwenye Linux nyingi, kilikuwa kimepandikizwa mlango wa nyuma na mtu aliyejipenyeza kumsaidia mtunzaji mmoja aliyechoka. Kisha tafuta historia ya matundu ya usalama. Hapa watu huelewa kinyume: laibrari yenye historia ya matundu yaliyozibwa haraka na kuelezwa wazi ni afadhali kuliko ile isiyo na historia kabisa, maana hiyo pengine hakuna aliyewahi kuichunguza. Waitress alizibwa matundu mwaka 2019 na tena 2024. Gunicorn naye 2024, kwenye toleo la 22. Wote walitoa maelezo. Ninachukua hiyo kama alama nzuri, na sababu ya kutotumia toleo la zamani ulilolikuta kwenye desa la kaka aliyemaliza.

Leseni haichukui muda: Gunicorn ni MIT, Flask na Uvicorn ni BSD, Waitress ana ya Zope, na zote zinakuruhusu kutumia na kugawa bila kulipa, mradi usifute maandishi ya leseni. Kitakachokushika ni sheria ya hapa nyumbani. Namba za simu na majina ya wale 60 ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Hakuna seva itakayokufanyia hiyo sehemu.

Majaribio yenyewe hayahitaji safari ya Katesh. Kwenye Linux kuna komandi ya tc yenye kipengele cha netem. Inakuwezesha kuchelewesha mtandao wa maabara kwa milisekunde 600 na kupoteza pakiti 5 katika kila 100. Ukiwa na Windows pekee, andika programu ya mistari 20 inayofungua miunganisho 60 na kutuma baiti chache kila sekunde. Iache iende, halafu wewe fungua ukurasa kwa kivinjari kama mtu wa kawaida. Ukifunguka, endelea. Ukizunguka tu, umejua kabla hawajajua wao. Weka matokeo yote mawili kwenye ripoti, ya mtandao mzuri na ya mtandao mbovu, na uandike mpangilio uliotumia ili anayekuja arudie.

Vifurushi vipakue chuoni kwa "pip download", uvibebe kwenye flashi, uviweke kule kwa "pip install" ukikataza kwenda intaneti. Ukikwama njiani kwa kukosa kimoja, umegundua utegemezi ambao hukuujua. Na siku ya kukabidhi, mbele ya mwenye ofisi, chomoa waya wa umeme wakati picha inapanda. Rudisha umeme, kisha kaa mikono mfukoni uangalie kama mfumo utaamka wenyewe au utasubiri mtu aliyesharudi chuoni.